Barua ya malalamiko juu ya boila yenye kunguruma usiku

Lubumbashi, Bel-Air, komine Kampemba

Kwa Bwana Direkteri,

Jambo Bwana Direkteri. Mimi ni mama moja wa hapa Bel-Air, nilinunua ku duka yenu boila ya umeme ya litre 100 mwezi wa kumi na moja mwaka jana, fakitire niko nayo, karatasi ya garanti ya miaka 2 niko nayo na muhuri yenu juu. Siandike juu ya kutukana mtu. Naandika juu nimechoka kulipa dola 25 kila mara fundi yenu anakuja kuangalia boila na macho, anapiga piga na kidole, anaenda, na boila inabaki kulia vilevile.

Kelele ilianza mwezi wa tano. Munajua umeme ya huku kwetu, inaenda asubuhi, inarudi saa nane ya usiku, na ikirudi tu boila inaanza kuchemsha maji yote yenye ilipoa mchana. Kwanza ni kama mtu anakwaruza bati, kisha inakuwa po po po kama bukari yenye bado haijakazwa, kisha inanguruma kabisa mpaka ukuta ya chumba ya watoto inatetemeka. Mama mkwe wangu alitoka Likasi kututembelea, usiku ya kwanza aliamsha nyumba yote akisema kuna mwizi juu ya mabati, usiku ya pili hakusema tena mwizi, alianza kusali kwa sauti. Ya tatu akarudi kwake. (Hapo sikulalamika sana, lakini bwana yangu alilalamika.)

Fundi yenu ya kwanza alikuja, akaweka mkono ku boila, akasema mama hii ni kawaida, maji inachemka. Dola 25. Wa pili aliona gurupu ya sekirite (ile robine ndogo yenye kutoa maji wakati nguvu yake inazidi) inadondosha maji, akasema kelele inatoka pale, nikanunua ingine kwenu dola 18, akafunga, na bado inadondosha na bado inalia. Leo najua kudondosha kidogo wakati maji inapashwa ni kazi yake, juu maji ikipata moto inapanuka na lazima mahali itokee, ubaya ni ikidondosha siku nzima. Yeye ni fundi na hakujua, ao alijua na alitaka kuuza. Wa tatu njo alinimaliza: alizungusha termosta (ile yenye kupima moto ya maji) mpaka mwisho, akasema hivi maji itapata moto mbio na kelele itaisha mbio. Hiyo wiki kelele iliongezeka mara mbili na maji ya ku duche ilikuwa karibu kuunguza mtoto. Mara tatu, hakuna hata mmoja alifungua hiyo mashine!

Sasa munisikilize vizuri. Jirani yangu iko na mdogo wake, kijana anafanya kazi ya plombie, nikamuita. Hakugusa kitu mbele ya kuangusha disjonkteri na kuhakikisha hakuna umeme, kisha akafunga maji ya baridi, akafungua robine ya maji ya moto ku jikoni hewa iingie, akamwaga maji yote, njo akalegeza buloni za ile kifuniko ya chini. Bwana Direkteri, ilitoka mawe. Mawe nyeupe nyembamba kama maganda ya yai, karibu kujaza kopo ya maziwa ya unga ya kilo moja, na rezistansi yenyewe, ile chuma yenye kupasha maji moto, ilikuwa imevaa nguo nyeupe kama muhogo yenye kupakwa unga.

Alinieleza na maneno rahisi kuliko mafundi yenu yote. Maji ya Lubumbashi, na zaidi sisi wenye foraji (kisima ya kuchimba na mashine), inatoka chini mu mawe yenye iko na kalkeri (chokaa) mingi, kila mama wa hapa anaona ile nyeupe ndani ya bouloire yake. Ikipata moto, kalkeri inajishika ku rezistansi. Maji kidogo inafungiwa kati ya ile ganda na chuma, inachemka peke yake, inakuwa mvuke, mapovu ya mvuke inapasuka, njo ile po po po. Na termosta ikipita digri 60 kalkeri inajishika mbio zaidi, yaani fundi yenu wa tatu aliongeza ugonjwa na mkono yake. Kijana aliloweka rezistansi ndani ya vinegre usiku nzima, akasugua bila kisu juu eti ile rangi ya ndani ya tanki ikikwaruzwa kutu inaingia, akaweka joenti mpya, akarudisha termosta ku 60. Anodi ya manyezium, ile fito yenye kuliwa na kutu pa nafasi ya tanki, ilibaki nyembamba kama waya, akanionyesha, ile nayo ni ya kubadilisha. Usiku ile umeme ilirudi na hatukusikia kitu, bwana yangu aliamka kuwasha taa juu ya kuona kama kweli umeme iko.

Nilipiga simu kwenu, binti moja akaniambia garanti hailipe kalkeri. Sawa, nakubali, kalkeri ni ya maji yangu. Ingawa munauza boila mu hii mji na munajua maji yake, ingekuwa nini kuambia mteja: mama, ufungulishe kila mwaka?

Lakini kuna jambo yenye haitoke mu maji. Ku fakitire yenu muliandika rezistansi ya steatite, na nililipa zaidi juu ya hiyo, muuzaji mwenyewe alinieleza kama steatite inakaa ndani ya mfuko ya chuma, haigusane na maji, haikamatwe kalkeri mbio na munaweza kuibadilisha bila kumwaga tanki. Yenye tulikuta ndani ni rezistansi ya kawaida, uchi, inaogelea mu maji. Kama fundi wa kwanza angefungua angeiona dakika ile ile. Sijui kama njo sababu hakufungua.

Naomba hivi: munirudishie dola 75 za mafundi na 18 za gurupu yenye haikuwa na kosa, na munibadilishie boila, munipe ya steatite kama mulivyoandika. Kama hamuna, basi munirudishie franga ya tofauti ya bei pamoja na anodi mpya. Kijana wa jirani nililipa mwenyewe, ile siidai, yeye alifanya kazi.

Naweka hapa picha ya fakitire, picha ya rezistansi mbele ya kusafishwa, na risiti tatu zenye mafundi yenu walisaini. Nangoja siku 15. Zikipita nitakuja mwenyewe ku duka, siku ya posho asubuhi wakati wateja ni wengi, na ile kopo ya mawe mkononi.

Mama wa Bel-Air, mteja wenu