Mwanangu, Krismasi hii usikope

Marangu, 9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, maana najua ukiona tu mwandiko wangu utaniamkia. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza kwa "usijali mama, tutakuja," nami nikishasikia hivyo maneno yote yananiisha. Mtoto wa jirani ataipiga picha karatasi hii akutumie. Ukiona wino umevuja pale chini, ni chai.

Dada yako amenidokeza kwamba unahangaikia mkopo wa kupanda nao nyumbani. Tena ile ya kausha damu, yenye riba ya kumnyonya mtu. Baba, usikope. Mwaka jana mlikuja na gari la kukodi, ukashusha makreti ya soda, ukachinja mbuzi wawili, na sifa zako zikafika hadi kwa kina shangazi kule Himo. Januari ukanipigia usiku, eti unauliza kama kahawa imeshalipwa. Nilijua ni ada ya watoto. Ile hela niliyokutumia haikuwa ya kahawa. Niliuza ndama.

Sikusemi kwa kukulaumu, nakueleza tu ujue. Watu wanatucheka kwamba sisi Wachaga tunarudi Desemba ili tuhesabiwe. Sawa, tuhesabiwe. Karani wa kihamba hiki, shamba letu la nyumbani, ni mimi, na nimeshakuhesabu.

Huku mambo ni yaleyale. Ulezi wa pombe yetu ya mbege nimeuanika. Watoto wa kanisani wanafanya mazoezi ya igizo, na wachungaji wa mwaka huu wamejifunga mablanketi makubwa, wanajikwaa kila hatua. Mti umeshasimamishwa pale mbele, umebandikwa pamba tuiite theluji. Kila mwaka nacheka. Asubuhi kukiwa kweupe, theluji yenyewe si ile pale juu Kibo, kileleni mwa Kilimanjaro?

Mwanao aliniuliza kwenye simu ule wimbo wa usiku mtakatifu ulitungwa na nani. Nilimwambia nitamjibu, basi msomee hapa. Ni wa Austria. Mkesha wa Krismasi mwaka 1818, katika mji mdogo wa Oberndorf karibu na Salzburg, padri kijana Joseph Mohr alimpelekea mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, shairi alilokuwa ameliandika miaka miwili nyuma. Gruber akalitia sauti siku hiyohiyo, na usiku ule wakaliimba wao wawili, Mohr akipiga gitaa.

Gitaa, mwanangu! Nilipokuwa msichana wa kwaya, wazee wa usharika wetu walilifukuza gitaa kanisani, wakasema hicho ni chombo cha baa. Vijana wakanuna mwezi mzima. Kumbe wimbo ambao wazee wenyewe waliuimba wamefumba macho ulizaliwa na gitaa, tena mikononi mwa padri Mkatoliki. Ningelijua hilo siku zile, ningesimama kwenye kikao.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi huku mlimani mwaka 1893, na nyimbo za kwao zikabaki. Ila Mjerumani akitusikia leo sidhani kama atadai ni mali yake. Bibi yako alikuwa anauimba kwa Kichaga, sisi tuliomzunguka tunaimba kwa Kiswahili, wakati uleule, benchi moja, na hakuna aliyemsubiri mwenzake. Akifika kwenye jina la Mungu anasema Ruwa, sisi tunasema Bwana, halafu tunakutana kwenye kituo. Mimi mpaka leo nikiusikia kwa lugha moja tu naona kama umepwaya.

Na baba yako. Unakumbuka besi yake? Ile sauti ya nne ilikuwa inatetemesha benchi. Lakini alipiga tarumbeta miaka mingi, masikio yakapungua, basi uzeeni akawa hasikii wenzake wanapomaliza. Ubeti wa mwisho kwaya inaachia, yeye bado ameshikilia ile do ya chini, peke yake, kanisa zima kimya. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakazoea. Mwalimu wa kwaya mwenyewe akawa hashushi mkono mpaka mzee akate pumzi.

Krismasi ya kwanza baada ya kumzika, wewe ulikuwa umebaki nyumbani na mtoto mwenye homa, kwa hiyo hukuliona hili, na mimi sikuwahi kukusimulia. Tuliimba ubeti wa mwisho tukaachia. Mkono wa mwalimu ukabaki juu. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyekohoa. Walikuwa wanamsubiri. Sijui ilikuwa muda gani, labda pumzi moja tu ya mtu mzima. Halafu mkono ukashuka, mchungaji akaendelea na sala. Na hata sasa wanafanya hivyohivyo. Kuna vijana wameingia kwaya juzi, baba yako hawakumjua, nao wanasubiri, wanadhani ndivyo wimbo ulivyoandikwa.

Sasa sikiliza. Nauli ya basi ya watu wanne, kwa bei za Desemba, iweke ya ada. Mbuzi yupo mmoja, anatutosha. Mtori wa ndizi nitapika, nyama yako nitaigandisha mpaka Pasaka mkijaliwa. Nimeshapatana na mtoto wa jirani: tarehe 24 usiku atakaa karibu nami, simu ikiwa wazi. Wewe wakusanye watoto, wafunge mlango wa sebuleni, mzime na televisheni. Tukianza, nanyi anzeni. Watoto waimbe sauti ya kwanza pamoja nami. Wewe shika ya baba yako.

Tukimaliza wote, wewe usiache.

Mimi mama yako