Kitaje hicho chuma, mwanangu

Konde, Pemba

Mwanangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku wazima. Bibi yako anakusalimia, na ami yako, na wote wa upande wa kisimani. Barua hii anakuletea mtoto wa shangazi yako anayepanda boti kesho. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu unanikatisha.

Mkeo kanisomea maneno ya daktari juu ya hicho kizunguzungu chako, nikamwambia arudie polepole. Kwa hivyo kipimo cha CT hakikuonyesha kitu, na sasa wanataka uende hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ukapigwe picha nyengine ya kichwa, ya MRI. Na wewe unasema kichwa kimeshaonekana kisafi, ya nini kuvuka bahari. Hilo nitakujibu, lakini kwanza lile linaloninyima usingizi. Ukifika kwenye chumba cha MRI, kabla hawajakuingiza, watakupa fomu ya maswali. Humo watakuuliza kama umewahi kuingiwa na chuma jichoni. Nakujua wewe na makaratasi. Utaandika hapana kutoka juu mpaka chini ili mambo yaishe urudi kazini. Usiandike hapana, baba.

Lile doa la kutu kwenye jicho lako la kulia, dogo mfano wa punje ya ufuta, niliona Idi kubwa ulipokaa barazani jua limekukabili. Nilipokuuliza ukasema ni cheche ya grenda, na fundi mwenzako kakutoa kwa ncha ya kitambaa. Alichotoa ni kile alichokiona. Mimi nimevaa koti jeupe kituoni mpaka nikastaafu, na macho ya mafundi nimeyaangalia. Chuma kinaingia, kinashika kutu pembeni yake, na mwenyewe anaona vyema tu wala haumwi. Vumbi la saruji haliachi kutu. Alumini haiachi kutu. Kilichoingia mle ni chuma, na kama kilitoka chote au kilibaki, wewe hujui na aliyekutoa hajui.

Sasa MRI ni sumaku, na si hii ya kuokotea misumari pale karakana. Ni sumaku kubwa mno, na haizimwi kazi ikisha. Hata kama hakuna mtu ndani, inavuta. Kipande kilichotulia jichoni kinaweza kujigeuza mle mle kikakata kwa ndani, mtu akaingia na macho mawili akatoka na moja. Ndiyo maana wachomeaji na wasaga vyuma wanaulizwa mapema, na wakisema ndiyo wanapigwa kwanza eksirei ya macho. Ni jambo la dakika chache. Wakikuta chuma hawatakuingiza, watatafuta njia nyengine ya kukupima.

Na hapo ndipo ninapokuogopea zaidi. Utakuwa umeshatoa nauli, umeomba ruhusa kwa tajiri wako, umelala kwa watu Kariakoo, halafu utajiambia, nikisema watanirudisha bure. Basi rudi bure. Nauli nitalipa mimi mara ya pili. Nimesema nitalipa, na mkeo kasikia.

Hilo la CT. CT ni eksirei inayokizunguka kichwa, ya haraka, na damu ikiwa imemwagika ubongoni huiona vizuri sana. Ndiyo maana walianza nayo, na walifanya sawa. Lakini ubongo unaokushikia mizani ya mwili uko nyuma, chini, usawa wa kisogo, na umezungukwa na mifupa minene inayoitia CT ukungu. Kiharusi kidogo cha huko kinaweza kuipita, hasa siku za mwanzo. MRI haitumii miale ya eksirei, na huko nyuma inaona vizuri zaidi. Kwa hiyo CT safi ni jambo la kushukuru, Alhamdulillahi, ila halijamaliza neno.

Uliponipigia ukasema ni kizunguzungu kidogo tu, nikakwambia ulale, ni sikio. Na sikio linaweza kuwa. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa. Zikihama mahali pake, mtu akigeuka kitandani chumba kinamzunguka, kisha kinatulia. Ugonjwa huo daktari anautibu kwa kukulaza na kukugeuza kichwa kwa mpango, bila hata kidonge. Lakini wewe hukuniambia kwamba ulikuwa unakwenda upande wa kushoto mchana kutwa, unashika ukuta, unatapika, na wenzako wakakudhania umelewa. Wewe, ambaye pombe hata harufu yake inakukimbiza. Hayo nimeyasikia kwa mkeo. Ungeniambia wewe nisingetaja sikio.

Basi sikiliza. Ukiona vitu viwili pale palipo na kimoja, ulimi ukawa mzito, uso ukaenda upande, mkono au mguu ukakosa nguvu, au kichwa kikapasuka kwa maumivu ya ghafla, usingoje tarehe ya kipimo. Spitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Mkeo nimeshamfundisha, naye ana akili ya kushika mambo kuliko wewe. Na ngazi usipande. Pikipiki usiendeshe. Najua kuna kazi ya mapaa inakungoja, mwache mwengine aipande.

Kwenye boti kaa chini, katikati, usikae juu kupigwa na upepo, maana kusi mwaka huu limechacha. Ukinywa vidonge vya kuzuia kutapika, mwambie daktari umekunywa vipi na lini, kwa sababu vingine vinalegeza na vinaweza kumpoteza anapokupima mwendo wako. Usiende peke yako. Mtoto wa ami yako aliyeko Mwanakwerekwe kasema atakusindikiza. Ana domo, lakini fomu atakusomea vizuri. Nimempigia nikamwambia habari ya jicho, ili nawe ukinyamaza yeye aseme.

Ami yako anasema si ugonjwa, umepitiwa na pepo, na mganga wa kukutazama anamjua. Sikutaka kugombana na mkubwa wangu. Kisomo tumekusomea Ijumaa, watu wamekula, na aya za kombe zimeandikwa na kuoshwa, maji yake yako kwenye chupa atakayokupa huyo kijana. Kunywa. Kombe halina chuma. Lakini hirizi aliyokufunga bibi yako ina kikopo cha bati, basi ivue, umpe mwenzako aishike nje, na bibi asijue. Vua na pete, saa, mkanda, funguo, simu, kadi ya benki, na pini kama mkeo kakushonea kitu kwa pini. Na lile jicho huwezi kulivua, ndiyo maana ulitaje.

Ukishaingia utalala chali, kichwa kimewekewa kizimba cha plastiki, na mashine itagonga. Watakupa vya kuziba masikio. Wengine huogopa makelele yale wakaomba kutolewa, wewe sikukhofii hapo, umekulia kwenye nyundo. Shida yako itakuwa kutulia. Mtu akijitikisa picha inaharibika wanaanza upya, na inaweza kufika nusu saa au zaidi. Soma unachokijua kwa moyo, midomo usiitikise. Watakupa kidude cha kubinya mkononi kama utashindwa. Wakitaka kukutia dawa ya mshipani ili picha ionekane vizuri, watakuuliza habari ya figo na kama dawa yoyote imewahi kukudhuru. Jibu kweli nako.

Sitaki kurudia habari ya miwani ya kazi. Nilikununulia, nikaikuta imening'inizwa msumarini na vumbi lake. Mnasema inawatia joto. Kazi ya moto hukuingia peke yako, kuna mtu alikutoa skuli akasema ufundi unalipa haraka, na huyo mtu namjua, basi tuliache. Lakini kazi unaijua. Watu wanatoka mpaka Wete kulitazama lango ulilonitengenezea, lile la mwezi na nyota, na wanapitisha kidole kwenye maungio hawaoni ulipochomea. Mwenye kazi kama hiyo anahitaji macho mawili na miguu inayokwenda sawa.

Huku karafuu zimeanza. Si nyingi, lakini miti ya bondeni imejitahidi. Tumetandaza majamvi uwani, rasharasha zinatukimbiza kutwa, tunakunja tunakunjua, na dadaako anachambua mpaka usiku mikono imemuiva harufu. Wachumaji mwaka huu wanataka pesa mkononi kabla hawajapanda mti. Za mwanzo zilizokauka tumeshazipeleka shirika, na nauli yako imetoka humo. Nimeirusha kwa simu ya mkeo, si yako, unajua sababu. Ikibaki anunue maziwa ya mtoto.

Mbuzi mweupe kazaa wawili, mmoja dhaifu. Bati la jikoni upande wa mashariki limeanza kuinuka na upepo huu, ami yako kaliwekea jiwe juu, nami nikipika natazama juu kuliko chunguni. Nitamtafuta fundi wa hapa, usijitie kusema utakuja kulipiga wewe. Hakuna kupanda paa mpaka majibu yatoke na daktari aseme kwa mdomo wake.

Ukishajaza fomu, mwambie mwenzako aipige picha amtumie dadaako. Nataka kuiona ndiyo ya swali hilo kwa macho yangu.

Bawaba ya chini ya lango imeanza kulia, naipaka mafuta ya nazi. Na mwalimu wa madrasa anataka lango mfano wake la msikiti, kaniuliza bei. Nimemwambia bei azungumze na fundi mwenyewe, na fundi hapokei kazi mpya mwezi huu. Kasema atangoja. Namba yake anayo huyo kijana wa boti.

Mamaako