Mwanangu, usichague chuo kwa jina

Assalam aleikum mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili baada ya Isha nyumba ilipotulia. Ati shangazi zako wamekuuliza, "Uzamivu wa habari? Kwani wataka kusoma taarifa redioni?" Waache wacheke. Hata sisi watu wa masjala tulionekana wapangusa vumbi, mpaka siku shamba la mtu linapogombaniwa na faili haionekani. Siku hiyo karani wa masjala ndiye mkubwa wa jengo zima, na mkuu wa idara mwenyewe humwita "mama".

Umeniuliza nionavyo kuhusu vile vyuo viwili unavyofikiria kusomea huo uzamivu. Kwanza nikwambie kwa nini mimi naipenda taaluma yenyewe, hiyo ya habari: jinsi maarifa yanavyohifadhiwa, yanavyopangwa na yanavyotafutwa.

Wayajua makaratasi yaliyomo kwenye kasha la ami yako. Mna kitabu cha fikihi cha Kiarabu, kimenakiliwa kwa mkono, maandishi kwa wino mweusi na vichwa vya milango kwa mwekundu. Pambizoni mtu mwengine ameandika mambo yake kwa Kiswahili, kwa herufi zizo hizo za Kiarabu: fulani kazaliwa mwezi wa Rajabu, fulani anadaiwa mzigo wa boriti. Akija mtu wa kuorodhesha akaandika "fikihi, Kiarabu", hakusema uongo. Lakini mtoto wa Rajabu hayumo, na deni la boriti halimo. Atakayetafuta habari za biashara ya boriti za mikoko hapa Amu ataipekua hiyo orodha mpaka achoke, na kasha la ami yako hatalifikia. Nani aliamua kitu kiitwe nini, na uamuzi huo umemficha nani? Hilo, kwangu mimi, latosha kumshughulisha mtu miaka mitano.

Miswada ya kale iliyoandikwa kwa mkono, ya Msikiti wa Riyadha hapa kwetu, ilipigwa picha kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na picha hizo zasomeka kwenye intaneti. Ni kazi njema. Ila picha isiyo na maelezo mazuri haionekani na anayeitafuta, na maelezo hayo huandikwa na watu, kila mtu na elimu yake na upofu wake. Hapo ndipo unapohitajika.

Wala si karatasi kuukuu tu. Wavuvi wetu walipokwenda kortini kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu, Mahakama Kuu ilikubali mwaka 2018 kwamba, pamoja na mambo mengine, haki yao ya kupata habari ilivunjwa. Mvuvi aambiwe nini, na nani, lini, kwa lugha gani? Kuna idara vyuoni ambazo swali hilo hukaa meza moja na la miswada, na la kompyuta zinazopanga majibu ya utafutaji. Mhandisi yumo, mwanahistoria yumo, mwanasheria yumo. Hicho ndicho kinachonivutia zaidi: hawakuulizi kwanza umetoka taaluma gani, wanakuuliza unataka kujua nini.

(Yule mkutubi wa Kifaransa uliyenisimulia, Suzanne Briet, aliyesema mwaka 1951 kwamba swala wa porini si waraka lakini akifungiwa na kuchunguzwa huwa waraka, bado ananiudhi. Punda wa jirani hupita barazani kila asubuhi, nami humtazama nikijiuliza ni faili ya aina gani.)

Sasa vyuo. Jina kubwa lisikubabaishe. Uzamivu wa ukutubi, yaani elimu ya maktaba, ulianzia Chuo Kikuu cha Chicago, kwenye kitivo kilichofungua milango mwaka 1928 na kusifiwa kila mahali. Mwaka 1989 kilifungwa. Kwa hivyo usiangalie lango, muangalie mtu atakayekusimamia. Soma alichoandika karibuni, kisha mwandikie swali lako kwa aya mbili. Akikujibu kwa swali jengine, huyo anafaa. Akikutumia kiungo cha fomu ya maombi peke yake, ushajua.

Waandikie na wanafunzi wake, hasa waliokwisha maliza. Waulize walichukua miaka mingapi, wako wapi leo, na je, aliwaachia swali lao au aliwageuza vibarua wa utafiti wake. Huko Marekani vyuo vingi humlipia ada mwanafunzi wa uzamivu na kumpa posho, naye husaidia kufundisha au kutafiti. Basi uliza posho hiyo ni ya miaka mingapi na kiangazi wanakula nini. Chuo kisichotaja pesa kwa maandishi mimi sikiamini, hata kiwe na maktaba ya ghorofa kumi.

Cha mwisho, kiwe chuo kitakachokuruhusu kufanyia utafiti nyumbani. Kile cha kwanza chataka ukae kwao miaka yote. Hicho sikipendi, na babako ananiunga mkono ingawa atakwambia hana maoni.

Ami yako nimeshasema naye. Amekubali upige picha makaratasi yake utakapokuja, kwa sharti yasitoke nje ya nyumba na jina lake liandikwe sawasawa. Niletee hizo aya mbili kabla hujamtumia mwalimu, nizisome.

Mamako,
Langoni, Lamu