Kitabu cha Kiingereza kimjue mtoto wa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika sekondari ya kata hapa Masasi, huu mwaka wa kumi na moja. Darasani nina wanafunzi 72 na vitabu 18, watoto wanne kitabu kimoja. Uchache umeshasemwa sana. Mimi nina neno juu ya kilichomo ndani.

Juzi mwanafunzi aliandika "I borrowed Asha my pen", akimaanisha kamwazima Asha kalamu. Kwetu neno ni lile lile: nimeazima kalamu, nimemwazima Asha kalamu. Kiingereza kina mawili, "borrow" na "lend", na kitabu kimeyatupa kurasa tofauti kabisa, bila hata mstari mmoja wa kutahadharisha. Mwingine aliandika kwamba shule inaanza "one o'clock". Ni saa moja asubuhi, hakukosea kusoma saa, ila Mwingereza huhesabu kuanzia saa sita usiku. Zamani nilikuwa nawakosesha tu na kupita. Na nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu, yote wanafunzi huyaandika kwa "hear", neno la kusikia sauti.

Kitabu chetu, ukiondoa majina ya Juma na Asha, unaweza kukifundishia Brazil. Hakijui anayekisoma anafikiri kwa lugha gani.

Pembezoni mwa kurasa kumejaa penseli: maana za Kiswahili zilizoandikwa na watoto wa miaka ya nyuma. Nilikuwa nawaamuru wafute. Siku hizi nawaachia, maana nikipita kati ya madawati naona vidole vinaanzia hapo pembezoni kabla ya kurudi kwenye habari.

Wapo walimu wenzangu wanaoamini Kiswahili kikiingia kwenye kitabu cha Kiingereza watoto watabweteka. Hata mimi chuoni nilifundishwa hivyo. Lakini mtoto huyu amesoma miaka saba, hesabu na sayansi zote, kwa Kiswahili. Hawezi kukiacha getini.

Naomba wanaoandaa vitabu, kabla ya kuchapa, watupe rasimu tuifundishie muhula mmoja, kisha watuulize watoto walikwama wapi. Tangu 2016 nina daftari la makosa ya namna hii, kila kosa na sentensi yake ya Kiswahili pembeni. Atakayelihitaji nitampa bure, mradi lirudi kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Mwalimu wa Kiingereza,
Masasi, Mtwara