Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nauli, Vyeti na Neno "Mstaafu"

Ndugu wanachama, wazee wangu na mama zangu, assalamu alaykum na hamjambo nyote.

Wenzetu watatu wametangulia mbele ya haki mwaka huu. Wawili tuliwazika Kikowani, mmoja tukamsindikiza hadi kwao Taita. Mola awarehemu. Hesabu ataisoma mweka hazina. Langu ni kusema tu kwamba hatudaiwi, na kwamba vile viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa ajili ya harusi bado havijarudi. Anayejua vilipo, ajue nasi twajua.

Sasa nije kwenye jambo lililotula mwaka mzima, na ambalo kosa lake la kwanza ni langu.

Mliniagiza nikazungumze na kampuni moja ya mabasi pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa, watupunguzie nauli ya Nairobi na Malindi. Sababu mwaijua. Tangu Januari 2024 tikiti ya daraja la kawaida ya treni ya SGR hadi Nairobi ni shilingi 1,500, kutoka 1,000, na hapo hujaweka ya kufika kituoni Miritini. Mtu anayekwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu hahitaji kikokotoo kujua imemuuma wapi. Basi nikaandika barua, nikaomba "punguzo kwa wanachama wetu wastaafu". Kampuni ikakubali, tukapiga makofi humu humu ukumbini. Hakuna aliyeuliza mstaafu ni nani, na mwandishi wa barua hakujiuliza.

Mwezi Mei mwenzetu wa Mtongwe alikwenda kukata tikiti. Huyu alikuwa mwanamaji wa jeshi miaka tisa, akachukua kiinua mgongo chake akatoka, akavua samaki mpaka macho yalipomkatalia. Nilikuwa naye siku hiyo. Alitoa cheti chake cha kuachishwa jeshi mfukoni mwa kanzu, kimekunjwa mara nne, kimo ndani ya mfuko wa nailoni wa mkate, mikunjo imeshikwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Kijana wa dirishani alikisoma kwa adabu, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Baba, namba ya pensheni iko wapi?"

Haiko.

"Basi hii ni ya jeshi. Mimi nimeambiwa wastaafu."

Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja, mwanachama mwenzetu, aliyekuwa karani bandarini miaka thelathini. Akatoa karatasi yake ya pensheni, akapunguziwa papo hapo. Mzee wetu hakusema neno. Alikunja cheti polepole, mkunjo kwa mkunjo, akalipa nauli kamili. Njia nzima hadi feri alizungumza habari za bei ya pweza.

Wiki iliyofuata baraza haikukalika. Waliovaa magwanda walisema wao walikula kiapo, hawawezi kuwekwa nyuma ya watu wa mafaili. Wa bandari na reli wakauliza: meli zilizopakuliwa usiku wa kuamkia Idi zilipakuliwa na nani, na je, hiyo haikuwa kazi ya taifa? Mmoja akaniambia nimewauza. Mwingine, ambaye simtaji kwa kuwa ameshaomba radhi, akasema askari wakitaka heshima waende wakakae chini ya ile sanamu ya Barabara ya Jomo Kenyatta.

Neno hilo lilinikera, kisha likanipeleka hadi kwenye sanamu yenyewe. Nimeipita tangu nikivaa kaptula na sikuwahi kuisoma. Waingereza waliiweka baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika. Maandishi yake yanasema kwamba hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nikazunguka pande zote. Hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa wengine, ikaomba radhi. Nikasimama pale juani nikimfikiria mwenzetu na cheti chake. Yeye angalau jina lake limeandikwa mahali, na bado halikumfaa dirishani.

Agosti kijana wa mmoja wetu, aliyetumikia jeshi la Marekani miaka minane, alikuja kuwasalimu wazee wake, tukamwomba atueleze wenzetu wanafanyaje. Alituambia kule ni maneno mawili na hawayachanganyi. Veterani ni yule aliyetumikia akaachiwa bila aibu. Mstaafu wa jeshi kwa kawaida ni aliyekaa miaka 20 au zaidi, akabaki na malipo ya kila mwezi. Mstaafu anaweza kupanda ndege za jeshi zikiwa na viti vilivyobaki, ingawa katika foleni ya nafasi yuko kundi la sita, la mwisho, na aweza kukaa uwanjani hata siku mbili akingoja. Veterani wa kawaida hapandi. Ni sheria ya 2018 iliyowafungulia wale wenye ulemavu wa kudumu uliokadiriwa asilimia 100, nao ni kwa safari za ndani ya Marekani na maeneo yake tu. Lakini ukienda kwenye treni za Amtrak hawaulizi pensheni: veterani ana punguzo la asilimia 10, na raia aliyefika miaka 65 ana asilimia 10 hiyo hiyo. Kwenye mbuga za taifa mambo yakageuka tena. Tangu Novemba 2022 veterani anapata kadi ya kuingilia ya bure, ya maisha, ilhali mzee wa miaka 62 ambaye hakuwa jeshini huilipia dola 80.

"Kwa hivyo wewe ni nani?" akaulizwa.

"Mimi ni veterani," akasema. "Kustaafu bado sana. Nina miaka 34."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hapo ndipo nilipoliona tatizo letu. Uingereza nako, tangu Novemba 2020 kuna kadi ya treni ya maveterani, na huko hata aliyetumikia siku moja huitwa veterani. Inapunguza theluthi moja ya nauli nyingi. Kadi ya waliofika miaka 60 nayo inapunguza theluthi moja. Ukishafika 60, basi, uanajeshi haukuongezei kitu kwenye tikiti. Kadi ya askari inamfaa aliye chini ya hapo. Nasi tunao. Wapo walioingia Somalia na jeshi letu tangu Oktoba 2011 ambao hawajafika hata 40. Mmoja amejiunga nasi mwaka huu, anachechemea mguu wa kushoto. Pale Mwembe Tayari hakuna atakayemwita mzee, wala hakuna atakayemwita mstaafu.

Upande wa pili yuko mama anayetupikia mahamri na mbaazi kila mkutano. Ana miaka 71. Hajawahi kuajiriwa na mtu, kwa hiyo hana pa kustaafu; kesho alfajiri atakuwa jikoni kama leo. Kwa barua yangu, yeye pia alikuwa nje. Katiba ya Kenya, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na inahesabu mzee kuanzia miaka 60 bila kuuliza nani alikuwa akimlipa mshahara.

Kamati ilikaa mara tatu, na mara ya pili hatukuagana vizuri. Mwishowe tukaandika barua mpya, neno "wastaafu" tukalitoa. Tumeomba punguzo kwa mwanachama yeyote aliyefika miaka 60, kwa kuonyesha kitambulisho peke yake. Mstari wa pili unawaombea waliotoka jeshini na majeraha kabla ya umri huo, kwa cheti chao. Kampuni imeukubali mstari wa kwanza, unaanza kazi Jumatatu. Wa pili haijaujibu, nami nitarudi pale mpaka walinzi wanizoee.

Lipo lililopotea. Wenzetu wachache waliostaafu mapema, wana pensheni lakini hawajafika 60, hawatapata tena punguzo walilokuwa nalo, na ni barua yangu iliyowaondolea. Wamenikasirikia na wana haki.

Kuhusu heshima ya wanajeshi, hiyo sikuipeleka kwa kampuni ya mabasi. Kijana wa dirishani kazi yake ni tikiti. Sheria ya wanajeshi wakongwe ipo tangu 2022. Katibu ameichapisha na nakala iko kabatini, mje muisome kabla ya kuja kunigombeza. Na Novemba tulikwenda kwenye sanamu, wa magwanda na wa mafaili pamoja, kila mwenye babu aliyechukuliwa vitani akamtaja kwa sauti. Mwenzetu wa reli alikuwa na jina moja tu, la baba yake babu hakulijua. Alilitaja hilo hilo, akasogea nyuma. Tulimaliza kabla jua halijawa kali, tukanywa kahawa chungu kwa muuzaji wa pale kona, na tumekubaliana kwenda tena mwaka huu.

Uchaguzi wa kamati ni baada ya chai. Wa miaka 60 na zaidi waache nakala za vitambulisho kwa katibu leo, orodha iwahi Jumatatu.

Mwenzetu wa Mtongwe anasafiri Alhamisi. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1953, kwa hiyo nimemwambia cheti akiache nyumbani, hakihitajiki tena. Amesema atakwenda nacho.