Usinunue tyubu nyingine kwanza

Ndugu yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa hapo nyumbani. Sisi hatujambo, na shemeji anakusalimu sana. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni lile gurudumu la nyuma la baiskeli yako. Tangu niliposoma kwamba pancha imerudi tena, na kwamba umekata shauri kununua tyubu nyingine mpya, sijatulia. Nakusihi usiinunue bado.

Tyubu mpya haitadumu ikiwa kilichoitoboa ile ya kwanza kingali mahali pake. Kabla ya kuitoa hii iliyotoboka, tia alama kwenye tairi pale vali, yaani kile kimrija cha kutilia upepo, iliposimama, na ukumbuke upande uliokuwa kwenye mnyororo. Kisha ijaze upepo hadi ivimbe kidogo, uizamishe kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, na uangalie viputo vinatokea wapi. Ukishaliona tundu, usikimbilie gundi, litazame vizuri. Likiwa moja, upande unaogusa tairi, shuku mwiba au kipande cha chupa. Ilaze tyubu juu ya tairi kwa kufuata ile alama, upitishe kitambaa ndani ya tairi mahali hapo, kwa maana mwiba aghalabu huvunjikia ndani ya mpira usionekane kwa nje, na kitambaa hunasa pale ambapo kidole kingechomwa. Yakiwa mawili yaliyokaa sambamba, tyubu ilibanwa kati ya tairi na rimu ulipogonga jiwe huku upepo ukiwa haba.

Likiwa upande wa ndani, unaoelekea spoku, kagua ule utepe unaozunguka rimu. Ukisogea au ukichakaa, tyubu husukumwa na upepo hadi kwenye matundu ya spoku, ikakatwa na kingo zake. Nadhani shida yako iko hapo, kwa kuwa umesema pancha hukupata hata kwenye njia laini, na kwenye tairi hujaona kitu. Utepe ni kitu kidogo mno, wala watu wengi hawautazami, nami inaniuma kuona mtu akitupa tyubu nzima kwa sababu yake.

Tundu dogo linazibika. Sugua kwa msasa hadi mng'ao uishe, upake gundi nyembamba iliyo pana kuliko kiraka, kisha usubiri kama dakika 5 hadi isiwe na umajimaji tena. Hapo ndipo wengi hukosa subira, wakabandika gundi ikiwa mbichi, na kiraka kikabanduka. Kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni. Ila tundu likiwa kwenye shina la vali, kiraka hakitashika, na hapo nakubali ununue nyingine. Soma ukubwa ulioandikwa ubavuni mwa tairi, mathalani 26 x 1.95, na utazame tundu la vali kwenye rimu, kwani vali nyembamba huhitaji tundu la milimita 6 hivi na ile nene milimita 8.

Wakati wa kurudisha, tia tyubu upepo kidogo ili isijikunje, umalizie kuingiza tairi kwa mikono badala ya chuma, na kabla ya kujaza upepo wote uhakikishe hakuna mahali ambapo tyubu imebanwa chini ya tairi. Lakini utepe, ndugu yangu, utepe kwanza.

Je, zile tyubu za zamani ungali nazo, ili uyalinganishe matundu yake? Yako upande mmoja? Unajaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye tairi, au unakisia kwa kubonyeza kidole? Na yule fundi wetu, aliwahi kuufungua utepe akautazama, au alibadilisha tyubu tu? Tafadhali nijibu mapema, kabla hujatoa fedha.

Wako akupendaye.