Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Daftari, Saini na Barua ya Mdhamini

Ndugu wanachama wenzangu, wasaidizi wa kisheria wa Jiji la Tanga,

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi. Mapato na matumizi atayasoma Mtunza Hazina, na majina ya wanachama wapya yako kwa Katibu. Mimi nitabaki kwenye jambo lililokula muda wetu mwingi mwaka huu: serikali ya mtaa inaweza kufanya nini pale sheria za usalama wa taifa zinapobisha hodi kwa mkaazi.

Kwenye mafunzo tulianza na Marekani, kwa sababu huko madiwani walilivalia njuga suala hili hadharani. Sheria ya Patriot, ya kupambana na ugaidi, ilitiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 26 Oktoba 2001, siku 45 tu baada ya mashambulizi ya 11 Septemba. Kifungu chake cha 215 kiliiwezesha FBI, idara ya upelelezi ya taifa, kwenda kwenye mahakama ya siri na kupata amri ya kuchukua kumbukumbu za mtu, hata za vitabu alivyoazima maktaba, na mwenye kumbukumbu akapigwa marufuku kusema. Januari 2002 baraza la mji wa Ann Arbor lilipitisha azimio la kupinga, na mji wa Northampton ukafuata Mei. Baada ya miaka michache mabaraza yaliyopitisha maazimio hayo yalizidi 400, pamoja na majimbo kadhaa yakiwemo Hawaii, Alaska na Vermont.

Mengi ya maazimio yale yalikuwa maneno matupu. Azimio linalosema "tunasikitishwa" halimfungi mtu. Mwaka 2003 Arcata, mji mdogo wa California, ulikwenda mbali zaidi: ulitunga sheria ndogo iliyowakataza wakuu tisa wa idara zake kushirikiana kwa hiari na upekuzi uliovunja Katiba, na faini ikawekwa dola 57. Santa Cruz nako maktaba zilibandika tangazo la kuwatahadharisha wasomaji, na wakutubi wakawa wanachanachana karatasi zao kila siku. Kumbukumbu isiyokuwepo haichukuliwi. Ukitazama vizuri, hakuna aliyeifuta sheria ya taifa. Walichozuia ni mikono ya watumishi wao wenyewe, na hapo walikuwa na pa kusimama: mwaka 1997, katika kesi ya Printz, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema serikali ya taifa haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo na miji kuitekelezea sheria zake.

Sisi hatuna ngao hiyo. Ibara ya 145 na 146 za Katiba yetu zinaanzisha serikali za mitaa, lakini sheria ndogo ya halmashauri haiwezi kupingana na sheria ya Bunge, na haianzi kutumika bila idhini ya Waziri. Polisi wanawajibika kwa IGP. Meya hana amri juu yao. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ni ya 2002, nayo ilivuma na upepo uleule: Azimio 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililozitaka nchi zote zipambane na ugaidi baada ya 11 Septemba, juu ya jeraha letu wenyewe la bomu la Dar es Salaam la 7 Agosti 1998. Kwa hiyo wanaopendekeza kila mkutano kwamba Jiji litunge "sheria ya Arcata" wanatupotezea karatasi. Naomba pendekezo hilo lipumzike. Yapo mambo matatu yaliyo mikononi mwa mtaa tayari, na hayahitaji kibali cha mtu.

La kwanza ni daftari la wakaazi. Jina, umri, kazi, namba ya nyumba, alikotoka: hayo yanatosha. Hatari iko kwenye safu ya "maelezo", ambako mwandishi hujisikia huru kuandika mtu anaswali wapi au anatembelewa na nani. Safu hiyo iachwe wazi. Ofisa akija kutaka taarifa, Mtendaji aombe barua yenye jina na cheo chake, sheria anayoitumia, na mtu anayemtafuta. Kisha anakili mstari unaohusika. Daftari zima halitoki ofisini, na ukurasa haupigwi picha ya simu, maana ukurasa mmoja una majirani ishirini wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu 1 Mei 2023, haizuii taarifa kutolewa pale sheria inapotaka. Barua ile ndiyo itakayoonyesha baadaye kwamba kweli sheria ilitaka.

La pili, na ndilo linaloharibika zaidi, ni saini ya shahidi wa upekuzi. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe huitwa usiku, akafika kazi imekwisha, akapewa hati asaini kwenye boneti ya gari. Miaka miwili baadaye yuko kizimbani anaulizwa simu ilikuwa ya rangi gani. Shahidi asome kwanza hati ya upekuzi: jina ni la nani, nyumba ni ipi. Hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu vingine. Upekuzi wa dharura bila hati upo kisheria, na shahidi hana mamlaka ya kuuzuia. Kazi yake ni kuingia pamoja nao chumba kwa chumba, kuona kila kitu kinapotoka, na kuandika saa. Kwenye orodha, "simu moja nyeusi" haitoshi: andika aina, namba ya IMEI (namba ya utambulisho ya simu yenyewe), na kama kioo kimepasuka. Baada ya kitu cha mwisho pigeni mstari, saini ije chini ya mstari. Orodha isiyofungwa huongezeka njiani. Mwenye nyumba apewe stakabadhi yake palepale.

La tatu ni barua ya mdhamini. Dhamana ni bure, lakini mdhamini bila barua ya serikali ya mtaa hapokelewi. Mtu akikamatwa Ijumaa, barua ikakosewa, basi ni kulala mahabusu hadi Jumatatu. Makosa tunayoyajua sote: kitambulisho cha NIDA kinasema Omary, barua inasema Omari, picha imebandikwa ila muhuri haukugusa ukingo wake, au mwenye muhuri yuko shambani Pongwe na kabati limefungwa. Tunachokiomba kwa kila mtaa ni mtu wa pili mwenye ruhusa ya kusaini, namba yake ibandikwe mlangoni, na jina linakiliwe kutoka kwenye kitambulisho bila kusikiliza linavyotamkwa. Hela ya karatasi isidaiwe.

Tusiwadanganye wakaazi lakini. Kosa likisajiliwa kuwa la ugaidi, dhamana haipo, na barua nzuri kiasi gani haitamtoa mtu. Hapo ndugu waulize kituo alipo, saa aliyokamatwa, na lini anafikishwa mahakamani. Na msichanganye saa 24 za polisi kumfikisha mtu mahakamani na saa 48 za mtu aliyekamatwa kwa amri ya Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997: hizo 48 zikiisha, aliyekamatwa awe mbele ya hakimu au aachiwe, na hakamatwi tena kwa sababu ileile.

Mwaka ujao Kamati Tendaji inapendekeza tupitie kwa diwani, kwa hoja yenye mistari michache: Mkurugenzi atoe waraka kwa watendaji wote kuhusu mambo haya matatu. Waraka wa ndani hauendi kwa Waziri wala kwenye Gazeti la Serikali. Diwani atoe taarifa ya hoja mapema kama Kanuni za Kudumu zinavyotaka, nasi tukae sehemu ya wananchi siku ya kikao cha Baraza, tukiwa kimya.

Fomu mpya ya shahidi wa upekuzi iko kwa Katibu. Msitoe kopi ile ya zamani. Haina nafasi ya IMEI wala ya saa ya kuingia.